Juu ya Kurudia Mtihani

Neno mtihani lilitujia kutoka lugha ya Kiarabu, na katika Kiswahili limejenga nyumba mbili. Shuleni, mtihani ni karatasi, kalamu na saa ya ukutani. Mitaani na vijijini, mtihani ni dhiki anayoshushiwa mja na Mola wake ili ipimwe subira yake. Mtu anapomzika mwanawe, majirani humshika mkono wakamwambia, "Huu ni mtihani"; wala hatokei hata mmoja wa kumwambia kwamba akishindwa safari hii ataruhusiwa kujaribu tena mwezi wa Oktoba. Yamkini ndiyo sababu wengi wetu tuliokulia katika maana zote mbili huingiwa na haya kidogo tusikiapo kwamba mtihani wa shule waweza kurudiwa, na kurudiwa tena, hadi mtahiniwa aridhike na nafsi yake.

Methali nazo hazikupatana juu ya jambo hili. Moja yasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyingine yasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwalimu akitaka kumwinua mwanafunzi aliyeanguka humpa ya kwanza, na akitaka kumtuliza humpa ya pili, na pengine humpa zote mbili katika siku moja bila ya kuona kwamba zinagombana. Sisi pia tulikuwa hatujaliona hilo, mpaka tulipoulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu kwa methali.

Aliyeuliza ni mpwa wetu, binti wa dada yetu, aliyemaliza kidato cha sita na kuomba nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, miongoni mwa vile vinavyochuja waombaji kwa chekeche la matundu madogo mno. (Ili msomaji apate picha: katika mwaka 2024, Chuo cha Harvard kilipokea waombaji wasiofika 4 katika kila 100.) Vyuo vya namna hiyo vingi hutaka alama za mtihani uitwao SAT, nao ulikuwa umekwisha kumpita mikononi mara mbili. Alikuja jioni ya Jumapili, akatuamkia, akakaa kimya muda, kisha akasema: "Mjomba, wenzangu wananiambia nifanye mara ya tatu. Alama zikipanda nitapeleka hizo zilizopanda, zile za zamani nitaziacha. Sasa, huko si kudanganya?" Elimu yetu iliishia sekondari, na mtihani huo hatujapata kuuona kwa macho. Tulimwomba atupe wiki moja tutafute habari zake.

Mtihani wa SAT ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Aliyeongoza utungaji wake ni Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton, mtu aliyekuwa ameshughulika na mitihani ya akili waliyopewa askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 Brigham aliandika kitabu kilichowapanga watu kwa madaraja ya akili kufuata mataifa yao na rangi zao. Mwaka 1930 yeye mwenyewe akakiri hadharani kwamba hoja zake hazikuwa na msingi. Kitabu kikaanguka, mtihani ukabaki. Katika miaka ya 1930 James Conant, mkuu wa Harvard, akauchukua na kuutumia kuwachagulia vijana misaada ya masomo, tena kwa nia ambayo mtu mwadilifu hawezi kuikebehi: alitaka kijana wa mji mdogo wa mbali, asiye na baba mwenye jina kubwa, naye apate kuonekana.

Herufi ya kati ya jina la mtihani huo ilisimama badala ya neno lenye maana ya kipawa. Watungaji waliamini kwamba kipawa ni kitu mtu alichozaliwa nacho, hakifundishiki wala hakiongezeki. Kwa imani hiyo, kumpima kijana mara mbili kungekuwa sawasawa na kumpima mtu mzima urefu wake leo na kumpima tena kesho kutwa. Lakini huko Brooklyn, katika jiji la New York, mtoto mmoja wa wahamiaji, jina lake Stanley Kaplan, alianza mwaka 1946 kuwafundisha vijana namna ya kuukabili mtihani huo, na alama zao zikapanda. Wenye mtihani walikana kwa miaka mingi kwamba mafunzo ya namna ile yanafaa kitu. Hatimaye walichoka kukana. Siku hizi herufi hizo tatu hazisimami tena badala ya neno lolote. Zimebaki kuwa jina tupu, kama jina la mtaa ambao mti uliompa mtu sababu ya kuuita hivyo umekwisha kukatwa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Pishi ya mahindi ikipimwa mara mbili ikatoa hesabu mbili, basi ama mahindi yameongezwa, ama pishi ni mbovu, ama mkono wa mpimaji umetikisika. Hapana sababu ya nne. Mwanafunzi anayerudia mtihani na kupata zaidi, ama amejifunza, ama mtihani haukumpima sawasawa mara ya kwanza, ama bahati imemwangukia: amepata habari ya kusoma anayoipenda, amelala vizuri, kichwa hakikumuuma. Vyuo vya Marekani havishughuliki sana kutenganisha sababu hizo tatu. Vingi kati yake hufanya jambo la ajabu zaidi. Mtihani una sehemu mbili, moja ya kusoma na kuandika na moja ya hesabu, kila moja ikifika alama 800. Nao huchukua alama bora ya hesabu ya siku moja, wakaiunga na alama bora ya kusoma ya siku nyingine, wakapata jumla. Ni kana kwamba timu ya mpira ihesabiwe mabao ya kipindi cha kwanza cha mechi ya Jumamosi na mabao ya kipindi cha pili cha mechi ya mwezi uliopita, kisha ipewe kombe. Mwanafunzi anayesomwa katika karatasi ile hakupata kuwako katika siku yoyote ya dunia.

Mwaka 2020 wataalamu watatu wa uchumi, Joshua Goodman, Oded Gurantz na Jonathan Smith, walichapisha uchunguzi wao juu ya hao wanaorudia. Waliona kwamba karibu nusu ya watahiniwa hurudia; kwamba wanaorudia hupandisha alama zao na hupata vyuo vizuri zaidi; na kwamba watoto wa maskini hurudia kwa uchache kuliko watoto wa wenye nafasi. Haya ya mwisho hayatushangazi. Lililotushangaza ni jingine. Mwanafunzi aliyekosa kidogo tu kufika namba kamili ya mamia hurudia zaidi kuliko mwenzake aliyeivuka kidogo, ingawa kati yao hakuna tofauti ya elimu inayoweza kushikika. Yaani mwenye alama 1190 hukosa usingizi, na mwenye 1200 hulala. Binadamu, hata akiwa katika nchi tajiri namna gani, bado huitazama namba kwa uso wake.

Tuliposoma hayo tulikuwa karibu kumwandikia mpwa wetu kwamba aache. Lakini tulijizuia, kwa kuwa tulikumbuka kazi yetu wenyewe ya jioni. Shairi la beti tano laweza kutugharimu madaftari mawili. Mizani hukataa, kina hukataa, ubeti wa tatu hubomoka ukijengwa. Nasi hufuta, tukaandika, tukafuta. Msomaji hupewa shairi la mwisho peke yake, na hapana hata siku moja aliyetudai tumwonyeshe yale kumi na manne yaliyokufa. Je, tumemdanganya? La hasha. Yeye alikuja kutafuta shairi. Vivyo hivyo mtoto wa madrasa aliyerudishwa katika sura moja mara ishirini, siku ya kuhitimu husomewa dua ile ile wanayosomewa wenziwe. Dereva akianguka mara nne akafaulu mara ya tano, leseni yake haina rangi nyingine, na ikiwa ana rangi nyingine ya uso basi ni kwa furaha. Mambo hayo yote ni mitihani ya kufuzu. Anayefuzu hamnyang'anyi mtu kitu. Kurudia ndiko kujifunza kwenyewe, na methali ya mhunzi yatawala hapo bila mpinzani.

Mtihani wa kuchujana ni ndugu yake kwa jina tu. Nafasi ni za kuhesabu, na anayepanda humshusha mwingine, ajapokuwa hamwoni na hatamjua maishani. Hapo ndipo wingi wa majaribio unapokuwa silaha, na kila silaha ina bei. Mwaka 2024 ada ya kuufanya mtihani huo mara moja ilikuwa dola 68 kwa aliyeko Marekani, na mtahiniwa wa nchi za nje aliongezewa nyingine juu yake. Kwa fedha zetu jumla yapita laki mbili za shilingi, bila ya kutia nauli na malazi ya anayesafiri kukifuata kituo. Kijana maskini wa Marekani husamehewa ada mara mbili. Kijana maskini wa kwetu asiye raia wa huko hasamehewi hata moja.

Kwa hiyo swali la mpwa wetu lilikuwa na maswali mawili ndani yake, na sisi tulitaka kuyajibu kwa pamoja kama kwamba ni moja. Je, ni uongo? Si uongo. Uongo wahitaji mtu wa kuongopewa, na chuo chenyewe ndicho kilichotangaza kwamba mtu apeleke alama zake bora. Chajua anayepeleka huenda ameketi mara tatu. (Viko vyuo vichache vinavyotaka kuona matokeo yote, na kwa hivyo kuwaficha ni uongo usio na pazia.) Je, ni haki? Hilo ni swali jingine, na kutokuwa uongo hakulijibu. Mambo mengi yasiyo haki duniani hufanywa na watu wanaosema kweli tupu.

Wako watakaosema: basi mtihani ufutwe. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga vituo, vyuo vingi vya Marekani viliacha kuudai. Baadaye kadhaa vikarudi nyuma: Chuo cha MIT mwaka 2022, na Dartmouth, Yale na Harvard mwaka 2024, vikitoa miongoni mwa sababu zao kwamba pasipo alama ni vigumu zaidi kumtambua mtoto hodari wa shule isiyojulikana. Nasi twasadiki, maana barua ya sifa na insha ya kujieleza hununuliwa kwa urahisi kuliko hesabu. Hapa kwetu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, na aombewe sifa na wale aliofanya kazi nao, ndipo aingie Chuo Kikuu. Lilikuwa wazo zuri, na lilikuja kulegezwa. Barua ya tabia njema huandikwa na mtu, na mtu ana shemeji.

Isidhaniwe kwamba twawasuta Wamarekani kutoka juu ya mlima. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa katika muda uliowekwa, na kwamba shule ya msingi isiwe kibanda cha kusubiria sekondari. Mwaka 1973 tukaunda Baraza la Mitihani letu wenyewe. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 10 kati ya kila 100 waliomaliza darasa la saba waliochaguliwa kwenda shule za serikali. Na kurudia darasa la saba kulikatazwa, kwa sababu ile ile tuliyoieleza: nafasi ya anayerudia ingekuwa ya mwingine anayefanya mara ya kwanza. Katazo lilikuwa la haki. Watu wakalipitia dirishani.

Walioishi miaka ile wanajua dirisha lenyewe. Mtoto aliyeanguka alipelekwa shule nyingine, akapewa nafasi ya mtoto aliyehama, au mtoro, au marehemu, ambaye jina lake lilikuwa bado katika rejista. Akaketi kwa jina hilo. Akifaulu, alifaulu kwa jina hilo, na tangu siku ile hakuwa na njia ya kurudi.

Tulimaliza darasa la saba mwaka 1984. Tuliyekaa naye dawati moja alianguka, nasi tukachaguliwa, ingawa hesabu zetu tulizinakili kwake kwa miaka mitatu na yeye hakupata kutunakili hata siku moja. Mwaka uliofuata tulisikia yuko shule ya ng'ambo ya mto, na anaitwa vingine. Safari hii alifaulu. Akaenda sekondari, akapata kazi, akawa mtumishi mwema wa umma. Hatujasikia mtu akimlalamikia. Katika nchi yetu jina la pili la mtu ni la baba yake. Yeye, pamoja na jina la kwanza la mtoto mgeni, alichukua na baba wa mtoto yule. Katika kila fomu aliyojaza tangu ana miaka kumi na mitano, aliandika kwamba amezaliwa na mtu ambaye hajapata kumwona.

Baba yake wa kweli alifariki katika miaka ya 1990. Tangazo lilisomwa Radio Tanzania jioni, pamoja na orodha ya watoto wa marehemu, na jina lake la kuzaliwa likatajwa la tatu. Wafanyakazi wenzake walilisikia tangazo hilo wakila chakula cha usiku, wala haikuwapitikia kwamba msiba ule ni wa mtu wanayekaa naye meza moja. Asubuhi alikwenda kuomba ruhusa. Kwa kuwa karatasi za ofisi zilikuwa na baba mwingine, aliandika kwamba amefiwa na baba mkubwa. Alipewa siku mbili. Alitusimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye jamvi la matanga, naye alisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza njia iliyoharibika.

Hatumlinganishi huyu na walioghushi vyeti. Mwezi wa Aprili 2017, ulipotangazwa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Hao walidai elimu wasiyokuwa nayo. Yeye elimu alikuwa nayo yote. Alichokosa ni haki ya kuijaribu mara ya pili kwa jina lake. Tena yatazame haya kwa upande wa pili: mwaka 2019, huko Marekani, ilifichuliwa kwamba wazazi matajiri walikuwa wakilipa fedha ili mtu mwingine aketi katika chumba cha SAT badala ya watoto wao, au majibu yao yasahihishwe kwa siri. Kule jina lilikuwa la kweli na kichwa kilikuwa cha kukodi. Huku kichwa kilikuwa cha kweli na jina lilikuwa la kuazima. Sheria huyaita yote mawili udanganyifu, na haikosei. Lakini sisi hatuwezi kuyaona kwa jicho moja, na mwalimu atakayesoma makala haya darasani awaachie wanafunzi wabishane juu yake.

Jambo tulilolipata katika kufikiri kwetu ni kwamba kurudia mtihani hakuna ubaya wala uzuri wa peke yake. Ni lazima kuulizwe mambo mawili. Kwanza, nani mwingine ameruhusiwa kurudia, na kwa bei gani. Hili ni la kuwauliza wanaoweka mitihani, wala asitwishwe mtoto. Pili, katikati ya mara ile na mara hii, kitu gani kimebadilika ndani ya anayerudia. Akiwa amejifunza, basi anayeketi mara ya pili ni mtu mwingine, na ni haki apimwe upya. Akiwa ni yule yule, anarudi kutupa dadu, na kwa kila dadu analotupa kuna mtu aliye na dadu moja tu mkononi.

Mpwa wetu alirudi Jumapili iliyofuata. Tulimwuliza amejifunza nini tangu mara ya pili. Akafikiri, akasema kwamba katika hesabu kulikuwa na mlango mzima aliokuwa akiukariri, na sasa anauelewa. Katika kusoma hakuna alichoongeza, anatumaini tu kupata habari nyepesi. Tukamwambia kwamba kwa hesabu aende, na kwa kusoma ajue anakwenda kucheza bahati nasibu. Akacheka. Kisha tukamwuliza ada itatoka wapi. Hakucheka tena. Itatoka katika fedha za mama yake za vitenge, na mdogo wake wa kidato cha pili ameambiwa asubiri viatu.

"Chuo kikikuuliza umefanya mara ngapi?"

"Nitasema tatu, mjomba."

"Na kisipouliza?"

Alitazama kikombe chake cha chai muda mrefu. Hatukumsaidia kujibu.